Naomba ushauri: podikasti yetu ya mauaji imemfikia mama wa marehemu

Wakuu, salaam. Mimi na rafiki yangu tuna podikasti ya kesi za mauaji ambazo hazijapata majibu. Yeye anasimulia, mimi nahariri sauti. Mwezi uliopita tulisimulia kifo cha binti wa mtaa wa pili, mwenzangu akachomekea: "Yule mpangaji wa geti la bluu, mbona alihama usiku?" Sentensi ile niliiacha kwa sababu ilinoga. Hapo kosa ni langu.

Sasa mpangaji anapigiwa simu za vitisho. Na juzi mama wa marehemu alinifuata dukani, kajitanda kitenge, akauliza taratibu: "Mwanangu, hizo pesa za matangazo mnakula na nani?" Nilibaki nimeshikilia kaunta.

Mwenzangu anasema polisi wamelala, tusiposema sisi nani aseme? Namuelewa kidogo. Lakini kuna ya Boston, Marekani, Aprili 2013: baada ya mabomu kwenye marathoni, watu waliojifanya wapelelezi kwenye mtandao wa Reddit walimbebesha lawama mwanafunzi aliyepotea tangu Machi. Familia ikaandamwa, kumbe kijana alishafariki. Mwili uliopolewa mtoni siku chache baadaye. Reddit waliomba radhi.

Kipindi nimekiondoa mtandaoni, ila kinazunguka WhatsApp. Je, nirekodi kingine kumsafisha mpangaji, au ndiyo nitazidi kumtangaza? Na kwa mama niende peke yangu au na mjumbe? Zile pesa nimpelekee, au ataona namtukana?