Naomba ushauri: niko chuo Dodoma, mke na mtoto wako Kigoma

Habari zenu wakuu. Nina miaka 24, niko mwaka wa pili chuo hapa Dodoma. Mke wangu na mtoto wa miezi 7 nimewaacha Kigoma kwa mama. Bumu (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) likiingia natuma nusu nyumbani, inayobaki ni kodi na chakula, haifiki mbali. Hilo navumilia.

Kinachoniumiza, mke na mama hawaelewani tena. Kila jioni napigiwa simu na pande zote mbili, na mitihani imebaki wiki tatu. Mke anataka aje tubanane kwenye chumba changu kimoja. Nampenda, na mwanangu ameanza kukaa mwenyewe sijamwona. Nimlete sasa, au nimwombe akae kwao kwanza mpaka tufunge chuo? Mliopitia haya mlifanyaje?