Kuchambua picha ya mwanamke: giza la nyuma na hereni ya Vermeer

Wa Langoni, Lamu
Assalaam aleikum. Nachambua umbo la "Msichana Mwenye Hereni ya Lulu" ya Johannes Vermeer, mchoraji wa Uholanzi: mstari, mwanga, rangi, mpangilio. Kila nikianza, naishia kueleza alikuwa nani na anawaza nini. Nimeandika pia kwamba mchoraji aliweka weusi nyuma ili uso uwake, na mwalimu amepapiga mstari mwekundu. Kosa liko wapi?

Mpaka Rangi, Shela
Wa aleikum salaam. Mwalimu ana haki. Vermeer alipoichora, karibu mwaka 1665, nyuma palikuwa na pazia la kijani: tabaka jembamba la nili na njano ya mmea, limepitishwa juu ya rangi ya giza. Rangi za mimea huchujuka kwa mwanga, kama leso inayoanikwa juani kila siku, na weusi wa chini ukajitokeza. Mwaka 2020 jumba la makumbusho la Mauritshuis, mjini The Hague, Uholanzi, ilipo picha hii, lilitangaza kwamba vipimo vimeonyesha hata mikunjo ya pazia lenyewe. Basi andika "nyuma panaonekana peusi leo", halafu eleza weusi huo unaufanyia nini ukingo wa shavu. Nia ya mchoraji iache.

Na suala la alikuwa nani, lifunge mapema. Picha hii ni tronie, yaani kichwa kilichochorwa kwa ajili ya sura, vazi na mwanga, si picha ya mtu maalumu. Sentensi moja yatosha.

Sasa finyiza macho mpaka vitu vidogo vipotee. Yatabaki mafungu: uso na ukosi mweupe, kilemba na koti katikati, kisha giza. Fuata mwanga. Unatoka kushoto kwa picha, upande mmoja tu, kama chumba cha nyumba ya mawe kinachopata nuru kutoka uani. Tazama pua hapo: upande wa kushoto wa picha haina mstari. Ngozi ya pua na ya shavu ni rangi moja iliyoungana, na jicho lako ndilo linaloikata. Ukiandika "pua imechorwa kwa mstari laini" umekosea.

Bi Mkomani
Naongeza kuhusu hereni, maana wengi huandika "imechorwa kwa ustadi" wakapita. Ina vitu viwili tu: doa zito jeupe juu, na mng'ao hafifu chini unaorudisha weupe wa ukosi. Hakuna kikulabu wala pete ya kuishika sikioni, na ukingo wake umezama kwenye kivuli cha shingo. Umbo la duara tunalijaza wenyewe. Hiyo ni hoja ya umbo, kwa sababu msomaji anaweza kwenda kuihakiki pale pale.

Mdomo pia: tafuta nukta ndogo ya mwanga kwenye pembe yake. Ndiyo inayofanya midomo ionekane ina maji. Usiandike "anataka kusema".

Mpaka Rangi, Shela
Sawa kabisa, Bi. Ndugu, usichambue kwenye simu. Picha halisi ni sentimita 44.5 kwa 39, kwa hiyo karatasi ya A3 haitoshi. Chapisha kwenye A2 kwa ukubwa wake, kisha ilinganishe na picha ya tovuti ya jumba lenyewe. Wino ukizidi manjano, buluu ya kilemba huelekea kijani, nawe utachambua printa.

Nyoosha nyuzi mbili toka kona hadi kona uone jicho lipi liko karibu na makutano. Kisha geuza karatasi juu chini: kitambaa cha manjano kinachoning'inia nyuma ya kilemba kitajitenga na uso, uone jinsi kinavyosimama wima huku bega likilala mshazari.

Wa Langoni, Lamu
Ahsanteni. Je, koti niliite la njano au la kahawia?

Bi Mkomani
Taja yote mawili na mahali pake: njano begani panapopigwa na nuru, kahawia penye kivuli.