Naomba ushauri: kifungio cha mkanda kinalalia fremu ya kiti cha mtoto

Wakuu, mtoto ana miezi 14, kilo 10. Kiti chake ni cha kutazama nyuma, R44/04 (kiwango cha usalama cha viti vya watoto), mwisho kilo 13. Gari halina ISOFIX (vishikio vya chuma vya kunasia kiti cha mtoto bila mkanda), kwa hiyo kinafungwa kwa mkanda wa pointi tatu kupitia alama za buluu zilizo kwenye kiti, zinazoonyesha njia ya mkanda. Tatizo ni shina la kifungio: ni refu, kifungio kinaegemea ukingo wa plastiki wa kiti cha mtoto. Gari likigonga, kifungio kinaweza kuvunjika au kufunguka, na hata sasa kiti kinacheza zaidi ya sentimita 2.5. Siti ya katikati ina mkanda wa kiunoni tu. Mbele kuna eabegi, huko hapana kabisa. Kumgeuza atazame mbele pia sitaki, shingo bado changa. Kiti gani cha kutazama nyuma kina njia ya mkanda iliyo juu zaidi, ili kifungio kisiguse fremu?