MREJESHO: Daktari aliyemshikashika mdogo wangu, kesi haijafa
Wakuu nimerudi, niliuliza kama mdogo wangu bado anaweza kumshtaki daktari aliyemshikashika kwenye vipimo miaka mingi nyuma, wengi mkasema muda umeshapita. Haujapita! Wakili wa msaada wa kisheria hapa Nyamagana katuambia Sheria ya Ukomo (ile inayoweka muda wa mwisho wa kufungua kesi) haigusi jinai kabisa, inayobana ni kesi ya kudai fidia, hiyo miaka 3. Leseni yake ni ishu nyingine, malalamiko yanaenda Baraza la Madaktari Tanganyika, angekuwa nesi ni Baraza la Uuguzi na Ukunga. Hata Uingereza walikojiwekea ukomo wa miaka 5 kwa malalamiko dhidi ya madaktari, baraza lao linaivuka kukiwa na maslahi ya umma. Dogo kashaandika maelezo dawati la jinsia polisi, alilia sana jamani ila kamaliza mwenyewe, najivunia mno. Barua ya malalamiko kwa baraza inaenda wiki hii.