Nimefundishwa kushika upawa, mimi, mzaliwa wa Kuze, Mombasa

BintiKuze:
Jamani ndiyo kwanza naingia nyumbani, hata buibui sijavua. Lile duka la Nyali, mnalijua, lililojaa majani ya kijani mpaka kwenye kizulia cha mlangoni. Silitaji. Nimeingia kutafuta sabuni tu, kijana wa aproni ya kaki akanijia na UPAWA mkononi. Ati, "Mama, hiki ni kijiko rafiki wa mazingira. Unashika hapa."

UNASHIKA HAPA! Upawa nimepigwa nao kabla sijaota magego!

Shilingi 1,450. Kifuu, kijiti, na kibandiko cha jani. Halafu umefungwa nailoni! Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku Agosti 2017, mama wa mchicha akatishwa na faini ya milioni 2 mpaka 4, leo kifuu kinavishwa nailoni kama bibi harusi. Na yule kijana bado kaninyooshea. "Unashika hapa."

Bin Markiti:
Kwani ulikuwa umeshika wapi?

Likoni Daima:
Sema kweli, umenunua?

BintiKuze:
Hilo silo nililoleta hapa.

Likoni Daima:
Kanunua huyo 😂

Mchukuzi:
Dada, faini ile ni ya mifuko ya kubebea. Nailoni inayofungiwa bidhaa kiwandani ilisamehewa.

BintiKuze:
Nani kakuuliza sheria? Mtu kanifundisha UPAWA!

MamaWawili:
Mimi siwalaumu sana wenye maduka hayo. Kikapu cha miyaa cha bibi yake, binti yangu alikuwa hakigusi, ati ataonekana katoka shamba. Wenye maduka wakatia mkanda wa ngozi, na kijikaratasi chenye picha ya mama anasuka. Sasa anakwenda nacho chuo, ukikisogeza unakula maneno. Miyaa ni ileile. Bibi yake anamtazama, anatafuna tambuu yake, kimya.

Bin Markiti:
Na huyo mama wa kwenye picha kalipwa ngapi?

MamaWawili:
Hapo sasa. Kijikaratasi hakijasema.

Likoni Daima:
Nyinyi mna shida za matajiri. Mimi jua la saa saba limenikuta nimebanwa kwenye feri, mkokoteni wa machungwa kisogoni. Huo usafiri rafiki wa mazingira nani atautilia kibandiko?

Mchukuzi:
Afadhali wewe. Tuktuk ya Bombolulu leo kanitoza mara mbili, ati nina gunia.

Likoni Daima:
Gunia la nini?

Mchukuzi:
Nazi.

MamaWawili:
Ehe, nazi unauzaje? Na kuna anayejua fundi wa kunoa mbuzi? Yangu meno yamekwisha, nakuna nazi nusu saa yatoka machicha ya kulisha kuku mmoja.

BintiKuze:
Jamani, tulikuwa kwenye upawa!

Mchukuzi:
Fundi yuko Mwembe Tayari, mama. Njoo asubuhi, mchana hakulaliki kwa joto lakini yeye hulala.