Vitabu 16 mlivipiga marufuku. Haya, mtoto wa miaka 13 asome nini?

Wakuu, habari za jioni. Hili limenikaa kooni, leo nalitoa.

Februari 2023 Wizara ya Elimu hapa Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwamba maudhui yake hayaendani na maadili yetu. Waziri Mkenda akatutaka na sisi wazazi tukague mabegi ya watoto. Mimi nakagua mpaka leo, na sikuja hapa kuvitetea vile vitabu. Nauliza tu: mlipovitoa, mliweka nini?

Maana nimezunguka maduka ya Posta na Kariakoo namtafutia binti yangu hadithi ya Kiswahili ya umri wake. Ana miaka 13. Mambo ya sungura na fisi alishayamaliza zamani. Kila duka ni vya chekechea, vya kiada, halafu unarukia riwaya za watu wazima. Hapo katikati hakuna kitu. Muuzaji mmoja akanipa riwaya ya mapenzi yenye jalada ambalo siwezi hata kuliweka mezani nyumbani kwangu, eti "hiki wanafunzi wanakipenda sana". Mtoto wa miaka 13 jamani!

Na asije mtu hapa kuniambia watoto wa siku hizi hawapendi kusoma. Wanasoma sana! Wanasoma zile simulizi za WhatsApp na Facebook, sehemu ya kwanza mpaka ya sabini, kwenye simu za dada zao, usiku, mambo ya michepuko na vitanda. Hamu wanayo, ila sisi wakubwa hatujawaandikia.

Nikaishia kumnunulia mdogo wake kitabu cha hadithi, elfu nane. Nimekifungua nyumbani nikapandwa na hasira. Mwanzoni mhusika mkuu, Neema, ana kaka, mbele kidogo huyo kaka amegeuka mdogo wake. Hadithi iko Mtwara msimu wa korosho, lakini mtoto kwenye picha kavaa sweta zito na kofia ya manyoya, na nyumba ina bomba la moshi juu ya paa. Yaani mtu kaokota picha mtandaoni akabandika. Pini ya katikati imelegea, karatasi zinachomoka kabla mtoto hajafika mwisho. Mhariri alikuwa wapi? Mzazi anatoa elfu nane yake ya jasho, mnampa uchafu kwa sababu msomaji ni mtoto na hawezi kulalamika.

Hata vilivyochapwa vizuri, watoto wa humo ni wale wale. Mmasai lazima awe na mkuki na ng'ombe. Rafiki wa binti yangu ni Mmasai wa Mbagala, baba yake fundi umeme, hajawahi kuchunga hata mbuzi. Wasichana wanachota maji, wavulana ndio wanaotoka kwenda kwenye mikasa. Mtoto mwenye ualbino akitokea, ujue hadithi ni ya kutekwa. Mwenye ulemavu wa miguu yupo ili wenzake wajifunze huruma. Lini mwenye ualbino atakuwa kipa tu wa timu ya shule, kafungwa matatu, kagombana na kocha, na hadithi inaendelea? Watoto kama hao tunao madarasani, wanasoma hivi vitabu, na wanajiona humo kama msiba.

Chanzo kinajulikana. Serikali iliporudisha vitabu vya kiada mikononi mwa Taasisi ya Elimu, ambayo ni chombo chake yenyewe, wachapishaji binafsi walikosa soko lililokuwa linawaweka mjini, na hadithi za watoto zilikuwa zinabebwa na soko hilo hilo. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, ulikuwa unanunua nakala na kuzigawa shuleni, kwa hiyo mchapishaji alithubutu kuchapa. Serikali ingeweza kufanya hivyo hivyo kwa vitabu vya vijana: inunue nakala, iweke maktaba za shule. Halafu kumbukeni mtoto akiingia kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza, Kiswahili kinabaki kipindi cha ratiba. Asipokuwa na hadithi ya kumshika umri huo, ndiyo kaagana na kusoma Kiswahili.

Kupiga marufuku ni kazi ya siku moja mbele ya kamera. Kumlipa mwandishi, mchoraji na mhariri ni kazi ya miaka, na hiyo sijamsikia kiongozi akiitolea tamko kwa ukali ule ule.

Wazazi wenzangu, mwenye kitabu cha Kiswahili cha miaka 12 hadi 15 ambacho mwanawe amekisoma mpaka mwisho, aweke jina hapa, duka na bei. Mwandishi mwenye muswada uliokataliwa kwa kisingizio kwamba "vijana hawanunui", naye aseme. Walimu wa shule za kata, tuambieni kabati la maktaba yenu lina nini leo.