Binti wa miaka 15, kila siku "nimeshakula shule". Naombeni ushauri

MamaKimara: Habari za jioni wapendwa. Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Tangu likizo ya Desemba wimbo wake ni "nimeshakula shule". Wali maharage aliokuwa akiugombania tangu mdogo, sasa anauchambua punje kwa punje mpaka unapoa, halafu anainuka kuosha vyombo kabla sijamaliza kula. Mwanzoni nilifurahi, nikasema mtoto amekua. Juzi namwaga takataka nikakuta chapati mbili zimefungwa kwenye karatasi ya daftari.

Joto lote hili la Dar, yeye ni sweta. Hedhi huu ni mwezi wa tatu haijaja. Nikawaza hicho hicho mnachowaza, nikanunua kipimo cha mimba duka la dawa. Mstari mmoja. Alilia sana: "Mama, yaani uliniwazia hivyo?" Hadi leo ananijibu kwa mkato. Zahanati walisema vidonda vya tumbo, dawa zimeisha, hali ile ile. Shangazi yake anasema ni jini. Na ndiye huyo huyo aliyemwita bonge mbele ya watu kwenye sendofu mwezi wa kumi na moja.

BabuTegeta: Deko tu hilo. Mnyang'anye simu, mlaze njaa siku mbili, atakitafuta chakula mwenyewe.

SistaZamu: Babu, kwa heshima zote, kulala njaa ndiyo zawadi anayoitaka huyo mtoto.

MamaKimara, pole sana dada. Mimi ni muuguzi, sipimi mtu kwa maandishi, ila ulivyoeleza inanipa shaka ya anoreksia, ugonjwa wa akili wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa. Mwili ukikosa chakula unaanza kubana matumizi: hedhi inasimama, baridi inaingia, moyo unapunguza mwendo. Mwangalie mgongoni na mikononi kama ameota vinyweleo laini. Akisimama ghafla anapata kizunguzungu?

Wengine wanaosoma hapa, msisubiri mtoto akonde. Mwenye bulimia anakula sana kisha anajitapisha, na uzito unaweza kubaki pale pale. Akitoka mezani moja kwa moja chooni na bomba analifungulia, tupieni jicho vifundo vya vidole kama vina sugu, mashavu kama yamevimba karibu na masikio, na meno, maana tindikali ya tumbo inayala.

Dada, nenda hospitali ya mkoa, na usiseme "hana hamu ya kula". Sema chapati, sweta, miezi mitatu. Waombe wapime mapigo, presha akiwa amelala na akiwa amesimama, umeme wa moyo, na damu kuangalia madini ya potasiamu. Uliza pia daktari wa afya ya akili. Na usimshindilie chakula kufidia: aliyekaa na njaa muda mrefu akila sana ghafla, madini ya fosfeti kwenye damu yanaweza kushuka na moyo ukashindwa. Akizimia, usingoje kukuche.

MwanaTanga: Mimi nilijificha kwenye funga. Ramadhani ikaisha, nikaunga sita za Shawwal, kisha Jumatatu na Alhamisi. Nyumbani wananisifu mtoto mcha Mungu, mimi nahesabu mifupa kwenye kioo. Kilichonisaidia, mbali na daktari, ni mama kukaa nami mpaka kikombe cha uji kiishe, hata saa nzima, tukipiga umbea wa majirani. Mambo ya mwili hakuyagusa. Hata "umependeza, umenenepa" usimwambie, mimi ilinirudisha nyuma wiki mbili.

BabaJuni: Wa kiume nao hupata? Wangu anapiga push-up mpaka usiku wa manane, ugali hataki kuuona.

SistaZamu: Wanapata, ila huchelewa kugundulika kwa sababu watu wanaona mtoto anafanya mazoezi tu. Mpeleke naye.

MamaKimara: Mrejesho. Mapigo yalikuwa 46 kwa dakika, wakamlaza siku tisa. Sasa tuko nyumbani, kila wiki kliniki. Shangazi nimemwambia asije kwanza, amenuna, anune. Kuhusu kile kipimo nilimwomba msamaha wodini, hakujibu, ila alisogea nikae kitandani.

Leo asubuhi uji, kikombe kizima, dakika 50. Jirani yetu mwenye jogoo tumemsema mpaka tukamaliza.